Mraba wa Mwanzi

Vipande vinne vya mwanzi, vimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
mita kwa mita. Ndiyo ofisi yangu.
Nautupa nyuma ya bega bila kuangalia;
unapoangukia napiga magoti, nahesabu.

Kikondo, Februari. Ukungu umekaa hadi saa nne.
Mraba wa kwanza: aina thelathini na moja.
Nyasi saba. Okidi mbili, moja nyeupe,
moja ina madoa ya yai la kware.
Ua la njano linalofunga mdomo likinusa mvua.
Kimmea chenye manyoya kama sikio la ndama,
hakina jina la Kiswahili ninalolijua,
kwenye daftari nimekiandika: Sikio.

Juu ya majani hayo nikakuta mbegu ya paini,
bawa moja, kama nzi aliyepunguzwa,
imepeperuka kutoka mashamba ya ng'ambo.
Haijagusa udongo, na sidhani itagusa:
mwenye mizizi mifupi ameshakunywa umande,
mwenye mizizi mirefu amemaliza kilichobaki chini,
wa majani mapana amewahi kiti cha juani,
na yule wa Agosti, ambaye hata hajachipua,
ameshaacha ndala zake mlangoni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Nyasi za huku hazisemi hivyo. Zinasema:
karibu, ila tumebanana.

Mraba wa pili, hatua mia mbili chini, karibu na njia ya Isyonje.
Tisa.
Nikahesabu tena, nikipanga majani kwa ncha ya kalamu.
Tisa.
Katikati mashimo, yamezibika nusu,
kama fizi za mtoto wa darasa la kwanza.
Vikanda vimechimbwa. Na shimoni, miche:
paini, muwati, paini, paini, muwati.

Ambakisye, anayenibebea maji na daftari, akasema,
"Hawa wamechimba vibaya."

Sikujibu. Ningejibuje?
Mwaka wa kidato cha kwanza nilikuwa na jembe la mpini uliokatika
na ndoo ya rangi iliyooshwa kwa majivu.
Kiazi cha okidi hutoka pacha,
kimoja kigumu, kimoja kimenyauka.
Tulichukua binti, tukamtupa mama.
Ndoo mbili zilinunua sketi ya bluu na soksi;
mnunuzi akapakia magunia kwenda Tunduma,
na hakuna aliyetuambia
kwamba tunachimba mlango.

Wala simtukani paini.
Kenchi za nyumba ya mama ni yeye,
jeneza la baba ni yeye.
Mbegu haina nia. Ina bawa, basi, na upepo.

Na nisiseme uongo kwa kuwa hili ni shairi:
wingi si ngome.
Kule bondeni, penye maji na udongo mweusi,
nilipata aina arobaini,
na wageni wanne wamestarehe miongoni mwao.
Panapomfaa mwenyeji panamfaa na mgeni.
Nimeyaandika hayo pia, kwa wino uleule.
Ninachojua ni cha kimo cha magoti:
kwenye mteremko huu mmoja, palipojaa,
mbegu moja inaning'inia, haina pa kukaa;
palipochimbwa, miche kumi na saba.

Tukaing'oa yote kumi na saba.
Ambakisye akaifunga kwa ukoka,
akasema ataipanda kwao, nyuma ya choo,
izuie upepo.
Sikumkataza. Nilishindilia matope kwenye mashimo
kwa kiganja, moja baada ya jingine,
nikijua kiganja hakioti kitu.

Fomu ina safu ya mwisho: Chanzo cha uharibifu.
Niliandika: jembe.
Nikafuta.
Nikaandika: sketi ya bluu.